Usalama wa watoto kwenye tovuti za gemu na gumzo: nani anawajibika?

Maswali haya hurudiwa na wazazi, walimu, vijana wenye seva zao (sehemu za mtandaoni wanazoziendesha wenyewe ili wenzao wacheze au wazungumze humo), na watu wazima wanaopenda gemu ambao hujikuta wanacheza na watoto wa watu wengine. Tumeanza na ya msingi na kumalizia na yale yenye utata. Kama kuna mtu anamtishia mtoto wako sasa hivi, acha mengine yote na uende swali la 11.

## Ya msingi

1. Kwa kifupi, nani anawajibika: mzazi, mwenye tovuti au serikali?

Wote, lakini si kwa jambo lilelile. Ukisema "ni jukumu letu sote" ukaishia hapo, kila mmoja atamwangalia mwenzake. Sisi tunaligawa hivi: kila mmoja anadaiwa kile ambacho yeye ndiye mwenye uwezo wa kukifanya.

Mwenye tovuti ndiye pekee anayeweza kuona kwamba akaunti moja imeomba urafiki kwa mamia ya watoto kwa jioni moja. Ndiye pia anayeamua kama mgeni anaweza kuingia inboksi ya mtoto. Mzazi hana njia ya kuyaona hayo, kwa sababu anachokiona ni skrini ya mtoto mmoja, tena mara chache. Lakini mzazi ndiye anayejua kwamba mtoto ameanza kukesha, kwamba amekuwa mkimya, kwamba ana kitu kipya ambacho hakikununuliwa nyumbani. Serikali ndiyo inayoweza kuibana kampuni isiyotaka kusikia, na kumkamata mhalifu.

Mtoto hayumo kwenye orodha ya wadaiwa. Anafundishwa, anaonywa, anawekewa mipaka, lakini akidhuriwa, kosa ni la aliyemdhuru, hata kama mtoto alikuwa amevunja masharti ya nyumbani.

2. Kwa nini tovuti nyingi huandika "miaka 13 na kuendelea"?

Namba hiyo inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, iliyoanza kutumika mwaka 2000. Sheria hiyo inakataza tovuti kukusanya taarifa binafsi za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi ziliona ni rahisi zaidi kuwafungia mlango kwa maandishi kuliko kutafuta idhini. Ulaya nayo, kupitia kanuni ya ulinzi wa taarifa iliyoanza kutumika mwaka 2018, iliweka miaka 16 na kuruhusu kila nchi kuishusha hadi 13.

Kwa hiyo 13 ni mpaka wa taarifa binafsi. Hakuna mtaalamu wa malezi aliyekagua gumzo la tovuti hiyo akasema linamfaa mtoto wa miaka 13.

3. Gemu ina alama kwamba inafaa watoto wadogo. Si inatosha?

Haitoshi ikiwa gemu ina gumzo. Mifumo ya alama za umri, kama ESRB ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994 na PEGI ya Ulaya ya mwaka 2003, ilijengwa kupima kile ambacho watengenezaji wameweka ndani ya gemu: mapigano, lugha, kamari. ESRB yenyewe hutahadharisha kwamba mazungumzo ya wachezaji mtandaoni hayakupimwa. Gemu ya kujenga nyumba na kufuga kuku inaweza kuwa na alama safi kabisa, na bado mtu yeyote duniani akamsemesha mwanao kwa maikrofoni.

Kabla ya kuruhusu gemu, uliza mambo mawili: je, mgeni anaweza kuzungumza na mtoto humu, na je, naweza kulizima hilo?

4. Watu hawa wabaya huanzaje hasa?

Huanza na wema, na ndiyo maana watoto waliofundishwa tu kwamba "mgeni ni mbaya" hawamtambui. Mgeni anamsaidia mtoto kuvuka hatua iliyomshinda. Anampa sarafu za gemu, au vazi la mhusika wake ambalo wenzake hawana. Anamsifu na kumsikiliza, pengine kuliko mtu yeyote aliyemsikiliza wiki hiyo. Kisha yanakuja maswali madogo, na kila moja likisimama peke yake halina ubaya: unalala na nani chumbani? Mama anarudi saa ngapi? Simu yako huwa inakaguliwa?

Baada ya hapo anaomba wahame. "Humu kunaboa, njoo tuchati kule." Anamtoa mtoto kwenye gemu, ambako maneno huchujwa na kuna wasimamizi, na kumpeleka kwenye programu ya ujumbe ambako hakuna anayesoma. Kati ya hatua zote, hiyo ndiyo tungependa kila mtoto aijue kwa moyo, kwa sababu inatambulika hata na mtoto wa miaka minane: *mtu wa kwenye gemu akikuambia mwendelee kuzungumza kwingine, njoo uniambie.* Pamoja na kuhama huja siri: "hili liwe letu sisi wawili." Picha huombwa mwishoni, na ikishatumwa ya kwanza, ombi hugeuka kuwa tishio.

Matusi na uonevu wa watoto kwa watoto ni jambo la kila siku zaidi kuliko hili, nao huumiza. Tumeugusa kwenye swali la 15.

## Mwenye tovuti

5. Mwenye tovuti anadaiwa kufanya nini?

La kwanza ni mipangilio ya awali, yaani jinsi akaunti ilivyo siku inapofunguliwa. Watu wengi hawaibadilishi kamwe, kwa hiyo anayeipanga ndiye aliyeamua. Desemba 2022, Epic Games, kampuni yenye gemu ya Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Marekani. Kati ya hizo, dola milioni 275 zilihusu faragha ya watoto, na moja ya hoja ilikuwa hiyohiyo: gumzo la sauti na maandishi liliachwa wazi tangu mwanzo kwa watoto na vijana, huku gemu ikiwaunganisha na wasiowajua. Uingereza ina mwongozo maalumu wa kubuni huduma za watoto, wenye viwango 15, uliotaka kampuni ziwe zimejirekebisha kufikia Septemba 2021. Unataka ulinzi wa hali ya juu uwe ndio mwanzo, na anayetaka kuulegeza aulegeze mwenyewe.

La pili ni kusikiliza. Kitufe cha kuripoti ambacho hakuna binadamu anayekifuatilia ni pambo. Tovuti yenye watoto inahitaji wasimamizi wanaolipwa, wanaojua lugha wanazozungumza watoto hao. Hili la lugha linasahauliwa mno: kichujio kilichofundishwa Kiingereza hakioni kitu mtu anapomrubuni mtoto kwa Kiswahili cha mtaani.

La tatu ni kutafuta kinachojulikana. Tangu mwaka 2009 kumekuwapo PhotoDNA, teknolojia ya Microsoft na Chuo cha Dartmouth inayotambua nakala za picha za unyanyasaji wa watoto ambazo zimeshaorodheshwa. Tovuti inayopokea picha kutoka kwa watu na haitumii kitu chochote cha aina hiyo inapaswa kuulizwa sababu.

Haya yote yanawezekana. Club Penguin, iliyofunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya watoto, ilikuwa na namna ya gumzo ambamo mtoto huchagua sentensi zilizoandaliwa tayari, hakuna kuandika chochote kingine. Mwaka 2012 Habbo, tovuti ya gemu na gumzo la vijana, ilizima gumzo lake lote kwa muda, baada ya kituo cha televisheni cha Channel 4 nchini Uingereza kuripoti mazungumzo ya kingono yaliyokuwa yakiendelea humo. Kampuni ikikuambia gumzo haliwezi kudhibitiwa, kumbuka kwamba swichi iko mkononi mwake.

6. Kampuni inaweza kujitetea kwamba "walioandika ni watumiaji, si sisi"?

Kwa muda mrefu utetezi huo ulifanya kazi. Kifungu cha 230 cha sheria ya Marekani ya mwaka 1996 kinasema, kwa maneno mepesi, kwamba mwenye tovuti hahesabiwi kuwa ndiye aliyesema yaliyosemwa na mtumiaji wake. Hata leo, kampuni ya Marekani ikijua kwamba picha za unyanyasaji wa watoto zimo kwake ni lazima iripoti kwa NCMEC, kituo cha taifa cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, lakini sheria inayoitaka iripoti haiilazimishi kwenda kuzitafuta.

Mwelekeo umebadilika. Omegle ilianza mwaka 2009 kwa kuwaunganisha watu wasiojuana, kwa bahati nasibu, kwa maandishi na baadaye video. Msichana mmoja aliunganishwa na mwanaume aliyemnyanyasa, akiwa na miaka 11. Alipokuja kushtaki, hoja yake haikuwa maneno ya mtu yule. Ilikuwa ubunifu wa tovuti yenyewe: mashine iliyompa mtoto mtu mzima asiyemjua. Mwaka 2022 mahakama ilikubali kwamba Kifungu cha 230 hakizuii hoja hiyo, pande mbili zikapatana, na Novemba 2023 Omegle ikafungwa.

Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza, ya mwaka 2023, imekwenda mbali zaidi. Mdhibiti wake, Ofcom, anaweza kutoza faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, ipi iliyo kubwa. Katika Umoja wa Ulaya faini chini ya sheria ya huduma za kidijitali hufika asilimia 6.

7. Tovuti ilimwuliza mwanangu tarehe ya kuzaliwa. Huo si ukaguzi?

Huo ni utaratibu wa kumfundisha mtoto kuhesabu miaka kurudi nyuma. Njia nyingine ni kukagua kitambulisho, kukadiria umri kwa kamera, au kumthibitisha mzazi. Kila moja ina gharama yake: kitambulisho kikihifadhiwa vibaya huvuja, na kamera hukosea, hasa kwa walio karibu na mpaka wa umri. Kwa maoni yetu ukaguzi unafaa pale tu ambapo taarifa zinafutwa mara baada ya kutumika, na kampuni inasema hivyo waziwazi.

Watu hutaja sana Australia, ambayo tangu tarehe 10 Desemba 2025 imezitaka kampuni za mitandao ya kijamii kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16. Ni hatua kubwa, na faini yake hufika dola za Australia milioni 49.5. Lakini huduma ambazo kazi yake kuu ni gemu au ujumbe hazimo ndani ya katazo hilo. Mzazi asidhani kwamba sheria za mitandao ya kijamii zimemfungia na mlango huu.

## Mzazi na mlezi

8. Mimi gemu sizijui kabisa. Nianzie wapi?

Kaa karibu na mtoto umwombe akufundishe kucheza. Ndani ya nusu saa utaona mwenyewe nani anamsalimia, maneno yanapita wapi, na kama kuna sauti. Mtoto hufurahi kuwa mwalimu wako, na ataeleza mengi ambayo maswali ya moja kwa moja yasingeyatoa.

Kisha mwingie pamoja kwenye mipangilio. Funga ujumbe kutoka kwa wasio marafiki, zima sauti kwa mtoto mdogo, weka nenosiri kwenye ununuzi, na unganisha akaunti yako na yake pale tovuti inaporuhusu. Kadi ya benki isihifadhiwe kwenye akaunti ya mtoto. Kifaa kichezewe sebuleni, usiku kisilale chumbani mwake.

Zaidi ya yote, toa ahadi hii na uitimize: "Ukiniambia jambo baya limetokea, sitakunyang'anya gemu." Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wanajua kusema kutawagharimu kitu wanachokipenda, na mtishaji anajua hivyo.

9. Nisome jumbe zake kwa siri?

Kwa mtoto mdogo, soma, lakini kwa uwazi: ajue tangu siku ya kwanza kwamba utakuwa unaangalia. Kadiri anavyokua, punguza. Kijana wa miaka 15 akigundua kwamba unampekua, atafungua akaunti ya pili usiyoijua, na huko ndiko atakakokuwa siku akikuhitaji. Kama una hofu ya kweli kuhusu usalama wake, basi kagua, kisha mwambie ulichofanya na kwa nini.

10. Dalili ni zipi?

Anageuza skrini unapopita. Ana sarafu za gemu au zawadi ambazo hawezi kueleza zilitoka wapi. Anaamka usiku kuchati. Anamtaja "rafiki" mkubwa kuliko yeye ambaye hakuna mwenzake anayemfahamu. Amekuwa na hasira au huzuni mara tu baada ya kuweka simu chini. Dalili moja si ushahidi wa lolote, ila zikikutana ni wakati wa kuzungumza naye kwa upole.

11. Mtu anamtishia mtoto wangu kwa picha zake. Nifanye nini sasa?

Kwanza mwambie mtoto: hukukosea wewe, na hili tutalimaliza pamoja. Mwambie hata kama moyo wako unawaka. Mtoto aliye katika hali hii anaweza kuwa na mawazo ya kujidhuru, hivyo usimwache peke yake usiku huo.

Msilipe pesa na msitume picha nyingine. Anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Acheni kumjibu, lakini msifute chochote. Piga skrinishoti za jina la akaunti, kiungo cha ukurasa wake, vitisho, tarehe na saa, na namba au akaunti aliyotaka pesa zitumwe. Picha zenyewe za mtoto usizinakili wala kumtumia mtu yeyote, hata ndugu unayemwamini, hata kwa nia ya kupata ushahidi: katika nchi nyingi kuzisambaza ni kosa. Waachie polisi kifaa chenyewe.

Ripoti polisi, na ripoti kwenye tovuti kabla hujamzuia mtu huyo. Kwa picha zilizopigwa kabla ya kutimiza miaka 18 kuna Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC iliyozinduliwa Februari 2023. Picha haitoki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni alama ya kidijitali inayotokana nayo, na kampuni zilizojiunga huitumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa. Kwa msaada wa kuzungumza, laini ya watoto ya 116 hupatikana Kenya, Tanzania na Uganda, na nchi nyingi nyingine zina laini zao.

12. Niliripoti kwenye tovuti, wakakaa kimya.

Ripoti tena, safari hii ukiandika neno "mtoto" na umri wake kwenye mstari wa kwanza, na uhifadhi nakala. Kisha panda juu: polisi, mdhibiti wa mawasiliano, ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi. Australia ina Kamishna wa eSafety, ofisi iliyoanza mwaka 2015, mwenye mamlaka ya kuamuru maudhui yaondolewe. Unaweza pia kulalamika kwa duka la programu linalosambaza gemu hiyo. Kimya chao hakikuondolei haki ya kwenda kwingine.

## Hali zenye utata

13. Nina seva ndogo ya gemu, ya marafiki tu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, kwa kiasi cha uwezo wako (swali la 1). Sheria ya Uingereza, kwa mfano, haisamehi huduma kwa sababu tu ni ndogo. Huhitaji idara ya wanasheria. Unahitaji kanuni fupi zilizoandikwa, ujumbe wa faragha uliofungwa, wasimamizi angalau wawili wanaoonana wanachofanya, na njia ya wazi ya kukufikia. Msimamizi yeyote anayependa kubaki peke yake na watoto humo, mwondoe kwenye kazi hiyo.

Kama mwenye seva ni kijana wa miaka 15, na wako wengi, basi pawe na mtu mzima nyuma yake anayejulikana. Kijana huyo asiachiwe kuchambua picha chafu wala kupambana na mhalifu. Kazi yake ni kufunga akaunti, kutunza rekodi na kumwita mtu mzima.

14. Mimi ni mtu mzima na gemu ninayoipenda imejaa watoto. Nifanyeje?

Cheza, lakini mazungumzo yako yabaki mbele ya wote. Usiingie inboksi ya mtoto, usimpe zawadi, usimwombe mhamie kwingine hata kwa jambo jema. Mtoto akitaja shule yake au anapoishi, mwambie afute. Ukimwona mtu mzima anayefuata njia iliyoelezwa kwenye swali la 4, ripoti siku hiyohiyo. Usijigeuze mtoto ili kumtega: utaharibu ushahidi na unaweza kumshtua akakimbilia kwa mwathirika mwingine.

15. Mwanangu ndiye anayewaonea wenzake.

Asante kwa kuuliza, maana wachache huuliza. Msikilize kwanza, kwa kuwa baadhi ya watoto wanaoonea wanalazimishwa au walionewa wao kabla. Afute alichoandika baada ya wewe kuhifadhi nakala, aombe radhi, na mjulishe mzazi wa aliyeumizwa. Kama kuna picha za utupu za mtoto mwingine, hilo si la kumaliza kifamilia. Tafuta ushauri wa sheria na ustawi wa jamii mara moja.

16. Mtoto alidanganya umri alipojiunga. Bado kampuni inawajibika?

Uongo huo hauwezi kuhalalisha alichotendewa. Kuhusu kampuni, sheria hutofautiana, lakini swali linaloulizwa zaidi siku hizi ni kama ilijua au ilipaswa kujua. Tovuti yenye rangi, wahusika na matangazo yanayowavuta watoto haiwezi kushangaa kuwakuta watoto ndani. Mzazi usiogope kuripoti kwa sababu ya umri ulioandikwa.

17. Anayechati na mwanangu si mtu, ni programu ya akili bandia. Kuna shida?

Inaweza kuwapo. Programu hizi hujibu usiku kucha, hukubaliana na karibu kila kitu, na zinaweza kuingia kwenye mazungumzo ya kingono au ya kujidhuru bila kumwita mtu mzima. Character.AI, moja ya huduma kubwa za aina hii, iliwafungia walio chini ya miaka 18 mazungumzo huru kufikia tarehe 25 Novemba 2025, baada ya kushtakiwa na wazazi. Hapa hakuna "mtumiaji mwingine" wa kumtupia lawama: maneno yanatoka kwenye bidhaa ya kampuni. Kagua kama gemu ya mwanao ina mhusika wa namna hiyo, na ukikuta mazungumzo yanayokutia wasiwasi, yahifadhi na uyaripoti kama ilivyoelezwa kwenye swali la 12.